Kustaafu kwa Punda

Ottorino Bergonzini alikuwa amechoka kuwa punda. Haukuwa uchovu wa kulalia ukaamka umekwisha. Huu ulikuwa umehamia kwake na vyombo vyake vyote. Tangu nywele zake zikiwa nyeusi, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, alipanda ngazi hadi ukumbi ulio juu ya duka la mikate, akaketi kiti cha mwisho, akafungua kijitabu cha besi, ile sauti nzito ya chini, na kulia kama punda kwa heshima na taadhima.

Nyimbo zenyewe zilikuwa za kuchekesha. Jalada lilisema hivyo, na kwa kuwa mkusanyo ulipigwa chapa Venisi zaidi ya miaka mia nne iliyopita, hakuna aliyethubutu kubishana na mzee wa umri huo. Ulikuwa na vijitabu vitano, kila sauti na chake. Soprano haoni ya teno, teno haoni ya besi. Kila mtu hulima shamba lake na kumwomba Mungu mipaka ikutane.

Wimbo walioupenda kuliko yote ulihusu harusi kwenye kinu cha ngano. Iolanda alikuwa bibi harusi, ingawa kwa umri wake angeweza kuwa bibi wa bibi harusi. Dada wawili wenye duka la nyuzi walikuwa mama na shangazi, wakigombania shuka za bibi harusi. Learco, kinyozi, alikuwa bwana harusi mwenye kigugumizi. Ottorino alikuwa punda aliyefungwa mlangoni. Kijitabuni mwake hamkuwa na harusi wala shuka. Mlikuwa na kimya kirefu cha kuhesabu, halafu mlio, halafu kimya tena. Alikuwa ameuimba wimbo huo nusu ya maisha yake bila kuona kichekesho kiko wapi. Wenzake nao waliuimba kwa nyuso za watu wanaosubiri kung'olewa jino.

Alikwisha kumwomba Iolanda ruhusa ya kupumzika. Iolanda alikuwa mdogo wa mkewe na mtawala wa kikundi, na jibu lake halikubadilika: besi haondoki mpaka alete besi. Sasa, taifa la mabesi ni taifa dogo. Muuza nyama alikuwa na sauti lakini hana sikio. Padri alikuwa navyo vyote viwili, ndiyo maana askofu akamhamisha. Ottorino alikuwa ameanza kukubali kwamba atazikwa na kijitabu mkononi, ndipo akamsikia daktari mpya wa mifugo, Fausto Malagoli, akiulizia dawa ya minyoo katika duka la dawa. Chupa zilitetemeka kwenye rafu. Ottorino alimfuata hadi nje na kumbembeleza kama mtu anayeposa.

Jumapili ilipofika, Ottorino aliketi kwenye viti vya wasikilizaji kwa mara ya kwanza, karibu na dirisha, koti mwilini. Iolanda alitangaza masharti mbele ya wote. Wimbo mmoja tu. Daktari akifaa, Ottorino aende zake kwa amani. Asipofaa, Ottorino arudi kitini kwake na habari ya kuchoka isisikike tena. Akamkumbusha mgeni sheria ya nyumba: wimbo ukishaanza hausimamishwi, hata dari lishuke.

Wakaanza. Daktari alihesabu kwa vidole, vidole vikamwishia, akalia mapema, katikati ya maneno matamu kabisa ya bibi harusi. Tena hakulia mlio wa kwenye karatasi. Alilia ule anaoujua kazini, wenye kikohozi mwanzoni na kile kilio cha mnyama aliyenyimwa majani.

Hapo harusi ikaparaganyika. Kumbe miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa akihesabu isipokuwa Ottorino. Wengine walimsubiri punda, kisha wakajua wako wapi. Shangazi akaingia mahali pa mama. Kigugumizi cha Learco kikaangukia pabaya, ikawa kama anamkataa mchumba wake.

Ottorino alijua hasa walipopotelea. Nota mbili tu zingewarudisha wote njiani. Akafungua mdomo. Iolanda akamtazama, na Ottorino akaelewa: akitoa sauti, yeye ni besi hadi kaburini. Akinyamaza, wimbo utakufa, daktari atafukuzwa, na yeye bado atakuwa besi hadi kaburini. Akafunga mdomo. Kunyamaza, angalau, hakukuwa kazi.

Daktari akalia tena, safari hii kwa kuchelewa, pale Learco alipokwisha kumuuliza mchumba kama amekubali. Punda akakubali kwa niaba yake.

Yule dada mkubwa wa duka la nyuzi akatoa sauti puani. Mdogo wake akafuata. Lakini sheria ni sheria: waliendelea kuimba huku wakicheka na machozi yakiwatoka, kama watu wanaovuka mto uliofurika wakishikana nguo, wakafika ng'ambo kila mmoja kwa wakati wake. Daktari alifika wa mwisho.

 Kichekesho kilikuwapo, basi. Ottorino ndiye aliyekuwa amekikalia, miaka yote, kwa usahihi wake.

Iolanda alijifuta macho. "Shemeji, umeusikia uharibifu huu?"

"Nimeusikia."

"Amekosea kila mahali."

"Kila mahali."

"Basi Jumapili ijayo aje yeye. Wewe kapumzike."

Neno alilolingojea miaka mingi lilikuwa limefika, na lilimchoma kidogo. Daktari akamjia na kijitabu, amenywea kwa aibu, akauliza aanzie wapi kuhesabu.

"Usihesabu, daktari."

"Kwani wewe hukuwa ukihesabu?"

"Nilihesabu. Si unaona walivyozeeka?"

Kisha akaomba wauimbe tena, jambo ambalo hakuwahi kuliomba. Wakakaa sawa. Learco akakohoa, Iolanda akatoa sauti ya kuanzia, na Ottorino akaegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha ili asikilize vizuri. Bibi harusi hakuwa amemaliza hata salamu zake, mzee alikuwa amelala, anakoroma. Punda alilia, tena mahali pasipo pake, kwa nguvu za kutikisa kioo kile kile. Hakuamka.