Mkutano wa Kutetea Nyasi

Nyasi zile nilizipanda kwa mikono yangu, kipande kwa kipande, miezi mitano nimepiga magoti. Mtu asiniambie ni nyasi tu. Tamasha la muziki la mwaka jana liliiacha bustani ya manispaa matope matupu, na mtunza bustani ni mimi, si wale waimbaji. Wao walifunga vyombo wakaondoka. Mimi nikabaki na toroli.

Kwa hiyo niliposikia tamasha linarudi, nilinuna wiki nzima. Mwandaaji ni mdogo wa mume wangu, tunayemwita Spika kwa sababu hajui kunong'ona hata msibani. Alinifuata jikoni kunibembeleza.

"Shemeji, safari hii tutakanyaga taratibu."

"Watu mia tano wanakanyagaje taratibu? Utawavalisha soksi?"

Upande wangu alikuwapo Mzee wa Dawa, mfamasia mstaafu ambaye madirisha yake yanatazama bustani. Shida yake yeye ilikuwa kelele, yangu nyasi, lakini adui alikuwa mmoja. Alikusanya sahihi, akaunda kamati, akajipa uenyekiti. Afisa wa manispaa alipotangaza kwamba Jumamosi saa tisa alasiri atakuja kukagua bustani ndipo aamue, mzee akasema siku hiyo tufanye mkutano mkubwa palepale, wakazi wote waje, afisa ajionee. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Akili yangu, nadhani, ilikuwa likizo.

Jumamosi asubuhi nilimwagilia maji ya kutosha ili afisa azikute nyasi zinang'aa. Nikaenda nyumbani kuoga na kuvaa gauni langu la maana. Niliporudi saa nane na nusu, nilishika kichwa.

Kamati ilikuwa imepanga viti. Viti vya plastiki mia mbili, katikati ya nyasi zangu, kwenye udongo niliouloweka mwenyewe, na juu ya kila kiti mkazi na mwili wake, akizama polepole. Wengine walikuwa wamechomeka mabango ardhini: TUOKOE NYASI ZETU. Mzee wa Dawa alisimama juu ya meza iliyoanza kwenda upande, akipaza sauti kwenye maikrofoni kuhusu ubaya wa kelele.

Na maikrofoni yenyewe ya nani? Ya Spika, maana mtaani kwetu anayekodisha vyombo ni yeye peke yake. Maspika alikuwa ameyaweka pembeni, kwenye uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu, na yeye na mafundi wake wamekaa juu ya masanduku. Hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga jani. Alinipungia mkono. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, hakusema kitu.

Afisa akafika. Alitazama mabango, akatazama viti, akatazama kule kwenye saruji.

"Samahani, mama," aliniuliza, "wanaopinga tamasha ni wepi?"

Hapo nilipasuka. Nilipanda mezani na gauni langu, nikampokonya mwenyekiti maikrofoni. "Ondokeni! Wote! Inueni viti, msiviburute! Wewe mwenye kilemba, nyanyua mguu!"

Watu mia mbili wakahamia kwenye saruji, viti vichwani. Nyuma yao kulibaki mashimo ya miguu ya viti, manne kwa kila kiti. Niliyatazama nikaona aibu, kwa sababu safari hii sikuwa na mwandaaji wa kumlaumu.

Kule kwenye saruji wote walienea, na nafasi ikabaki. Spika akapiga wimbo mmoja, maspika yakitazama ukuta wa ghala, upande usio na nyumba. Mzee wa Dawa alikwenda mpaka kwake, akafungua dirisha, akarudi amenuna.

"Sikusikia kitu," alisema, kama mtu aliyedhulumiwa.

Afisa alinigeukia. "Mama, bustani unaijua wewe. Unasemaje?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa mbili za kukataa. Niliikunja. "Wafanye. Hapa kwenye saruji, mchana, na nyasi zizungushiwe kamba. Atakayeruka kamba nitamfukuza na reki, awe shemeji, awe mwenyekiti."

Afisa akaandika hivyo hivyo, na reki akaiandika.

Jumapili asubuhi nilibeba ndoo ya mchanga kwenda kuziba mashimo, peke yangu kama siku zote. Nilimkuta Mzee wa Dawa tayari yuko chini kwa magoti, kamati nzima nyuma yake na vijiko vya jikoni, na Spika na mafundi wake wakisogeza mchanga kwa toroli langu.

"Binti yangu," mzee aliniuliza bila kuinua macho, "tunajaza mpaka juu, au tunaacha nafasi kidogo?"

Miaka kumi na minane nafanya kazi pale, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza lolote kuhusu nyasi. Nilipiga magoti kando yake, machozi yakinitoka na wala sikuyaficha, nikamwonyesha.