Taya la Bibi Arusi

Kok.

Mlio mdogo, kama kufuli inayofunguka, ulitoka jikoni kabla hakujapambazuka. Mukarusanga, kitandani mwake, alikuwa amemsikia mke wa mjukuu wake akipiga mwayo mrefu. Kisha hiyo kok. Halafu kimya.

Uwamahirwe alikuwa na wiki mbili tu tangu aolewe na Hirwa na kuletwa mtaani Kasenga kutoka kijijini Bijombo. Kila asubuhi alimletea bibi maji ya moto ya kunawa bila kuombwa, akiyajaribu kwanza kwa kiwiko. Leo maji hayakuja. Alikuja Ngendakumana, baba mkwe, amekunja uso.

"Mama, muke wa Hirwa iko na kiburi. Namusalimia mara tatu, anafunika mudomo na kitenge, ananigeuzia mugongo."

"Si weye ulisema bibi arusi asionyeshe mudomo mbele ya baba mukwe?"

"Kufunika, ndiyo. Lakini salamu anarudishaka! Leo hii Hirwa amurudishe kwao, wamufundishe adabu."

Mukarusanga aliinuka polepole, akaenda jikoni, mwanawe nyuma yake. Binti alikuwa ameinama kwenye kibao, kitenge kimelowa mate mpaka kifuani. Bibi akakivuta taratibu.

"Yesu wangu!"

Mdomo ulikuwa wazi kabisa, kama wa mtu anayepiga kelele bila sauti. Taya lilikuwa limesogea mbele, na karibu na kila sikio pamebonyea. Alijaribu kusema, ikatoka "aaa" tu. Machozi yalimtiririka.

Ngendakumana alishika ukuta. "Ni sumu? Ni shetani?"

"Minye sijui. Kimbia, ulete Émérance!"

Akatoka mbio bila viatu.

Émérance, muuguzi wa mtaa wa pili, aliuliza kwanza kama binti ameanguka au amepigwa. Binti akatikisa kichwa.

"Alipiga mwayo," alisema Mukarusanga, "nikasikia kok."

"Basi taya limetoka mahali pake."

Alizungushia vidole gumba kitambaa, akaviweka juu ya magego ya chini, akakandamiza, kisha akasukuma nyuma. Mukarusanga alikibana kichwa cha binti kifuani pake. Taya lilirudi ghafla, wote wakashtuka.

"Huwa linalia ukitafuna?" Émérance aliuliza, akimfunga kitambaa chini ya kidevu.

"Tangu mwaka jana," alijibu Uwamahirwe. " Na linauma."

"Ungesema mapema. Sasa ni uji na vyakula laini. Muwa, mahindi ya kuchoma, wacha kabisa. Mwayo ukija, zuia kidevu na ngumi. Likitoka tena, twende hospitali palepale. Na leo mbona hukuita mutu?"

Uwamahirwe alitazama chini. "Baba mukwe alikuwa mulangoni."

Ngendakumana alichuchumaa, akaanza kupepea makaa ya kupikia uji, kazi ambayo mama yake hakuwahi kumwona akiifanya.

"Binti yangu," alisema bila kugeuka, "humu ndani usinifunikie mudomo tena."

Émérance alipochukua mkoba wake, Uwamahirwe alimfuata hadi mlangoni, akapita mbele ya baba mkwe, uso wazi.

"Dada," alisema kwa meno yaliyokaribiana, "kesho urudi kuniona. Tafadhali, usikose."