Unalima?

Damu ndiyo iliyomwambia Kamanthe kwamba amejikata. Kidole chenyewe hakikusema kitu. Aliona mishiri, yale maharagwe mabichi ya kupelekwa ng'ambo, imekuwa myekundu mezani, akadhani ni ya mwenzake, akaendelea kuikata vichwa na mikia kama alivyofanya tangu kiwanda kile kifunguliwe, mpaka mwanamke wa kando yake alipomvuta koti. Kreti nzima ikamwagwa kwenye takataka. Ng'ambo hawali mishiri yenye damu ya mtu.

Kaluki, supavaiza wa meza yao, akaja na plasta. Alimshika kidole gumba, akakibonyeza kwa ukucha, akamwuliza kama anasikia. Kamanthe hakusikia. Mkono ule ulikuwa na tabia ya kuwaka moto akishalala, ukipanda hadi begani, na mchana ukafa ganzi. Uliangusha vikombe. Kifungo cha blauzi ulikishindwa.

"Enda hospitali, Mama Nzioka," Kaluki akamwambia kwa sauti ya chini. "Ukirudi tunaingia ofisi pamoja. Mimi ndio shahidi wako."

Na angekosaje kumwamini? Walianza kazi meza moja, kisu kwa kisu, kabla Kaluki hajapandishwa cheo. Kule kwao Kola, wao na wengine wa meza ile walikuwa mwethya mmoja, wale wanawake wanaozunguka shamba kwa shamba, leo kwako kesho kwangu, wakichimba matuta ili mvua isiondoke na udongo. Asiyekwenda kwa wenzake, wenzake hawaji kwake, na aibu yake hufika kanisani kabla yake.

Daktari wa Machakos mjini alimwambia bila kuzunguka. Mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu ya kurudia jambo lile lile kutwa kucha. Apasuliwe mapema na aachane na kile kisu, la sivyo nyama ya kidole gumba itakufa na mkono hautashika kitu tena. Tena kiwanda ndicho kinachopaswa kugharamia, daktari akasema, maana kazi yao ndiyo iliyomuumiza. Kamanthe alitoka pale na moyo mwepesi. Kumbe ugonjwa ulikuwa na jina, na jina lilikuwa na mwenyewe.

Meneja Wachira hakuwa mkali. Alimpa kiti, akamwuliza habari za nyumbani, akataka kujua kama mvua imefika Kola. Kaluki alisimama kando ya mlango, mikono nyuma. Ndipo meneja akauliza, vivi hivi tu, kama mtu anayepitisha wakati:

"Na wewe mama, unalima?"

Jamani! Ni mwanamke gani wa Ukambani ataulizwa hivyo mbele ya jirani yake, aseme halimi? Hilo si swali la kazi, ni swali la heshima. Kamanthe akakaa wima.

"Mimi? Nalima sana. Mwethya sijawahi kukosa hata moja. Uliza huyu."

"Mara ya mwisho mlikuwa kwa nani?"

"Kwake Kaluki. Tulimchimbia matuta mpaka juu kwa mwamba."

Wachira akamgeukia Kaluki, akamwuliza kama siku hiyo mama huyu alilalamika mkono.

Hapo Kamanthe akatulia kabisa, maana jibu alilijua. Siku hiyo alifika kwa Kaluki mkono ukiwa umeshavimba, akataka kuketi, na ni Kaluki mwenyewe aliyemsihi: mvua iko karibu, chimba kidogo tu, nisaidie. Akachimba. Jembe likamponyoka, akaliokota, akachimba tena. Sasa shahidi wake atayasema hayo yote.

"Alilalamika," Kaluki akasema, macho dirishani. "Aliangusha jembe hapo kwangu shamba. Sisi wote tuliona."

Kamanthe alingoja yaliyobaki, na hayakuja.

"Pole sana, mama," meneja akasema. "Lakini hiyo jembe si yetu."

Kamanthe alijaribu kueleza. Kiswahili kikachanganyika na Kikamba, akasema mkono ulianza zamani, mezani, kwenye ile baridi ya kule ndani. Wachira alimsikiliza kwa upole hadi mwisho, kisha akamwambia arudishe koti na gambuti. Alipopita mezani, wenzake wa mwethya waliinamia mishiri. Kaluki alikuwa amemuuza mchana kweupe, na hata uongo hakusema. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba hakuwa na neno la kumkamatia.

Zamu ya shamba la Kamanthe ilikuwa Jumamosi iliyofuata, na zamu ya mwethya haifutwi. Wakaja, Kaluki mbele akianzisha wimbo kama kawaida yake. Kamanthe alitamani kumfukuza. Alimchukia siku ile kuliko alivyowahi kumchukia mtu, na matusi yalimjaa kinywani. Lakini mawingu yalikuwa yamesimama juu ya Yatta, matuta yake yalikuwa yamebomoka, na mkono wa kuyachimba hakuwa nao tena. Akasema karibuni.

"Wewe keti, Mama Nzioka," Kaluki akamwambia. "Huo mkono upumzike."

Akaketi juu ya jiwe, akawatazama. Walianza vizuri, majembe yakipanda na kushuka pamoja, udongo ukirushwa upande wa juu. Halafu hayakuwa pamoja tena. Kaluki ndiye aliyeacha kwanza. Alikung'uta mkono wa kulia kama anayeondoa maji, akaupuliza, akaukung'uta tena. Aliyemfuata naye akaacha, akakung'uta. Kisha wengine wa kiwandani, mmoja baada ya mwingine, wakawa wanajifinya vidole kuona kama vinasikia. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Wimbo ulikuwa umekatika, na hakuna aliyeuliza ulikatikia wapi.

"Hii mpini ni mbaya," Kaluki akasema.

Wenzake wakaitikia upesi, ni kweli, ni mpini, na wao pia shida yao ni hiyo mpini. Kila mmoja alikuwa amekuja na jembe lake.