Kibuyu cha Naisula

Kikombe cha bati kiligonga kigoda, ko, mlangoni mwa chumba cha Perpetua. Jogoo alikuwa bado hajawika. Ndani ya kikombe mlikuwa na maji ya uvuguvugu, kama kila alfajiri, na aliyeyaweka alikuwa amekwisha kuondoka kwa kunyata.

Walipohamia kijiji cha ujamaa karibu na Mikumi, mwaka wa sabini na nne, mwanawe alimwambia, "Mama, umetulea, sasa pumzika." Akapumzika. Kule Mamboya, kijijini kwao mlimani, alishuka bondeni kuteka maji na kupanda tena. Hapa bomba lilikuwa nyuma ya nyumba. Basi akawa analala mpaka jua kali, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Naye alitamani jambo moja tu: kupanda Mamboya siku ya Pasaka, amwone dada yake Yudith, ambaye hakuweza tena kushuka. Gari huishia chini ya mlima.

"Mwaka huu hapana, mama," mwanawe alisema.

Ndipo Domina, mkwe wake, alipompeleka dispensari, akabaki nyuma kuongea na mganga. Kesho yake akamjia na kibuyu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiki ni cha Naisula, yule mama wa Kimasai aliyetuletea maziwa. Nimekiosha. Ila mimi nina zamu shamba la kijiji."

"Nipe. Kwani mimi nimekufa?"

Domina alikuwa ametia ndani unga kidogo, kwa kuwa chombo cha mtu hakirudishwi kitupu.

Njiani Perpetua alikaa chini mara tatu. Naisula alimpokea akicheka. "Bibi! Hata kobe amekupita?"

"Amenipita, na anakusalimu."

Naisula akamimina unga, akajaza maziwa. Kesho yake kibuyu kikadai kurudishwa, na maharage ndani. Naisula akatia maziwa tena. Ikawa hivyo kila siku: maji ya uvuguvugu, uji mwepesi, njia ya bomani kwa Naisula, jua likimkuta tayari ana jasho.

Asubuhi moja twiga wanne walisimama kwenye ukungu, shingo juu, miguu haionekani, kama wameota mawinguni. Perpetua alisimama kuwatazama. Alisimama muda mrefu, kisha akashtuka: alikuwa amesimama tu. Hakuwa amekaa mahali popote tangu nyumbani. Akainama akaigusa miguu yake, kama mtu anayegusa mtoto mchanga kwa mara ya kwanza. Mungu wangu, ni ile ile!

Aliporudi alimkuta Domina jikoni, akiosha kile kikombe cha bati.

"Dispensari walikuambia nitembee, si ndiyo?"

Domina akainamisha kichwa. "Ningekuambiaje mimi, mama? Mkwe atamwamuru mama yake atembee?"

"Ungeniambia ningenuna mwezi mzima," Perpetua akasema, akamshika mkono, hakuuachia upesi.

Pasaka aliupanda mlima taratibu, Domina nyuma yake. Alipofika juu aligeuka. Nchi yote ilikuwa imetandazwa chini yake, barabara aliyojia nyembamba kama uzi, na juu yake anga kubwa mno.

Yudith alikuwa kibarazani, macho yamefifia. Alimpapasa uso, mabega, akashuka mpaka magotini.

"Umekuja kwa miguu hii hii?"

"Hii hii, dada."

Walikaa hadi saa nane, Perpetua akimsimulia habari za kibuyu. Perpetua alipoinuka kuaga, Yudith alishika pindo la khanga yake.

"Usiiache hiyo safari ya kibuyu," alisema. "Halafu uje tena, mdogo wangu. Uje kabla ya mavuno."