Ramani ya Kinamasi cha Mama Mkubwa

Miaka kumi na tisa nimekula kwa miguu yangu. Kila Jumatatu napeleka gazetini ukurasa mmoja: mlima niliopanda, samaki walionikataa, kibanda chenye jiko linalojaza moshi ndani. Navua soksi mbichi, nakaa mezani, naandika. Nimetaja maziwa, vijito na njia za kondoo, lakini beri za multe sijawahi kusema zinaota wapi. Huku kwetu kaskazini mwa Norwe mtu atakupa ufunguo wa nyumba yake kabla hajakuonyesha kinamasi anachochumia beri zile za rangi ya chungwa.

Mama Mkubwa Ragnfrid ana miaka themanini na mmoja, hana mtoto. Mama yangu, mdogo wake wa tumbo moja, alikufa hajaonyeshwa. Mimi nilionyeshwa mwaka huu, kwa kuwa anataka mtu wa kumwachia. Nilijiona nimepewa ufalme. Ndipo upumbavu ukaniingia: nikaandika habari za asubuhi ile, bila jina lake, bila jina la mahali, nikatuma pamoja na picha moja ya ndoo iliyojaa.

Alhamisi nikafungua gazeti, nikakuta ramani yenye msalaba mwekundu.

Nilimpigia mhariri, Kjartan, mtu wa mji mkuu asiyewahi kulowa hata soksi. Akanieleza, kwa upole wa kukera, kwamba simu huhifadhi mahali picha ilipopigwa, kwamba wasomaji kila siku wanauliza ni wapi, naye amewasaidia.

"Dada, hizo ni beri tu," akasema. "Kwani zina mwenyewe?"

"Mwenyewe yupo, tena ana jina. Wewe umemwibia, na mimi ndiye niliyekushikia ngazi."

Akacheka. Nilikata simu. Hasira ile ninayo mpaka leo, wala sijaitafutia dawa.

Jumamosi nikaenda. Magari yalikuwa yamepangana kando ya barabara tangu darajani. Watu walikuwa wanachuma hata zile nyekundu, ngumu, ambazo hazijaiva, jambo ambalo kwetu hata mlevi halifanyi. Kinamasi kilikanyagwa mpaka kikawa tope. Mama Mkubwa alikuwa amekaa juu ya jiwe na mabuti yake ya mpira, ndoo tupu mapajani, akiwatazama. Msemo wa kikulacho ki nguoni mwako niliujua tangu zamani. Sikudhani siku moja mdudu nitakuwa mimi.

Nikamweleza yote: picha, Kjartan, ramani. Nikamwambia gazeti nimeliacha, barua nimeshapeleka. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Umeandika vizuri," akasema. "Pale penye ukungu nimepasoma mara mbili."

Nikashusha pumzi, nikidhani nimesamehewa.

"Hiki ni kidogo," akaendelea, akikionyesha kwa kidevu. "Nilikuleta hapa kwanza niupime mdomo wako. Kile kikubwa kiko kwingine. Nilipanga twende kesho."

Kama mjinga, nikamuuliza basi sasa tutakwenda lini.

"Nitakwenda mwenyewe, mwanangu. Siku nikishindwa, zitaozea hukohuko."

Akainuka, akaukataa mkono wangu. Kisha akaniomba nitangulie nyumbani, nisimwone anashika njia ipi.