Kamera Iliyogeuzwa Mlali

Frida alipofika kazini Ipagala, Swalihu alikuwa ameshamimina chai ya rangi kwenye glasi mbili na kuziweka kando ya kompyuta. Haikuwa chai ya kunywa, ilikuwa ya kazi.

Ofisi yao ilipokea video za mikutano, ziara na uzinduzi kutoka wilaya zote. Wao waliandika kando ya kila kipande kamera ilivyokwenda: imegeuka kulia, imesogea karibu, imetulia. Hivyo anayetaka kupekua video ndefu huruka mpaka panapomhusu, asipigwe hotuba bure. Kompyuta ilikadiria yenyewe kwa kulinganisha picha na picha inayofuata. Vitu vyote vikihamia kulia kwa pamoja, basi kamera imegeuka kushoto. Tabu ilikuwa vumbi. Upepo wa Dodoma ukishavuma, vumbi lina njia yake na watu wana njia yao, na kompyuta inaandika lolote.

Ndipo chai ilipohitajika. Chumba kile kilikuwa na desturi ya kuifuata kamera. Ikigeuka kushoto, nacho kiligeuka kushoto, na chai ikalalia upande huo kwenye glasi. Ikisogea karibu, ukuta wa mbele ulikuja mpaka magotini. Wafanyakazi walifunga kompyuta kwa kamba kwenye meza, wakaendelea na kazi. Siku za video za ngoma, wapiga picha wanapozunguka uwanja mzima, Swalihu alikuja na ndimu ya kulamba.

Alhamisi moja Bwana Castory, bosi wao, alileta video mwenyewe mkononi.

"Mkutano wa kijiji, kule Mlali. Inatakiwa leo, kuna shauri la ardhi. Wanaolisikiliza wanataka pale watu walipokubali kumpa mwekezaji mashamba. Kamera imetulia mwanzo mwisho, kwa hiyo ni ya kupitisha tu."

"Umeitazama, bosi?" Frida aliuliza.

"Nimeambiwa."

Shamba la Lea, shangazi yake Frida, dada wa baba yake, lilikuwa miongoni mwa mashamba hayo. Tangu mkutano ule shangazi alikuwa anapiga simu akisema lile lile: nilisimama, nikakataa. Kila alipokwenda kulalamika alijibiwa kwamba video ipo, na kwenye video hakuna aliyesimama. Walimfanya mwongo, mtu mzima na mvi zake!

Frida akaiwasha video. Wanakijiji walikuwa wameketi chini, juani. Mwenyekiti alisimama mbele na kalamu yake, akatangaza namna ya kupiga kura: "Asiyekubali asimame. Aliyekaa tunaandika amekubali." Pembeni mwa picha kitenge cha njano kikaanza kuinuka. Hapo hapo upepo ukapiga, vumbi likafunika kila kitu. Lilipotua, watu walikuwa wameketi kimya, hakuna hata mmoja aliyesimama. Kompyuta ikaandika: imetulia.

Chai ikalalia kushoto. Ililala mpaka ikamwagika, na chumba kikageuka chote, na makabati yake.

"Kushoto," alisema Swalihu, akifuta meza. "Hawa waliokaa siyo wale wa mwanzo. Tena haikugeuka kwa hiari yake, kuna mtu kaisukuma. Andika imegeuzwa."

Kwa kawaida, kipande kikiisha chumba kilirudi mahali pake. Safari hii hakikurudi. Dirisha lililotazama duka la mabati sasa lilitazama uwanja wa mkutano Mlali, na shangazi Lea alikuwa amesimama hapo nje, karibu kabisa, katika kitenge chake cha njano.

"Shikamoo, shangazi," alisema Frida.

"Marahaba, mwanangu. Subiri nimalize." Akamgeukia mwenyekiti. "Nasema sikubali. Shamba lile nimelilima wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni. Mume wangu nimemzika humo. Sikubali, na jina langu uandike!"

Bwana Castory alikuja kuuliza kwa nini mlango wa ofisi yake sasa unafungukia stoo. Akamwona yule mama, akamwamkia, maana alilelewa vizuri. Kisha akavuta pazia.

"Frida, andika imetulia."

"Imegeuzwa, bosi."

"Kompyuta imesema imetulia."

"Kompyuta imeona vumbi. Wewe unamsikia mtu."

"Namsikia, sawa. Lakini hao wanaoipekua hawatamsikia. Watasoma tulichoandika, basi."

"Ndiyo maana naandika imegeuzwa."

Akaandika. Castory akafuta. Akaandika tena.

"Utakosa kazi, wewe."

"Nitakosa. Kwa sasa bado ninayo."

Castory aliichukua video, akaandika imetulia kwa mkono wake, akaipeleka. Shauri likaamuliwa upesi: wanakijiji wote walikubali, ushahidi unaonekana. Trekta likaingia kwenye shamba la Lea, likapita hata juu ya kaburi.

Frida hakufukuzwa. Hakupatikana mwingine wa kukaa kwenye chumba kilichogeuka, na Swalihu alisema wazi kwamba Frida akitoka, naye anatoka. Kila asubuhi Frida alifungua pazia na kuandika imegeuzwa kando ya nakala iliyobaki kwenye kompyuta, na kila jioni Castory alifuta na kufunga pazia. Hawakugombana tena. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za nyumbani.

Nje ya dirisha shangazi Lea aliendelea kukataa. Nyuma yake trekta lilikuwa linalima. Sauti ilimkauka, Frida akampitishia maji. Miguu ikamvimba, Frida akampitishia kiti.

"Kaa kidogo, shangazi. Upumzike."

Shangazi Lea alikitazama kiti, kisha akamtazama mwenyekiti, ambaye alikuwa bado ameshika kalamu.

"Nikikaa ataandika nimekubali."

Frida akakirudisha kiti ndani, akakisukuma ukutani, akaendelea na kazi akiwa amesimama.