Zanduri Kwenye Shimo la Majivu

Mwalimu Otia hakupenda kubishiwa, na Lamara hakujua kunyamaza. Ndiyo maana ugomvi wao kuhusu ngano iliyoungua, waliyoichimbua kwenye shimo la kale la majivu, ulijulikana jengo zima la maabara, hadi kwa mlinzi wa getini.

Mwalimu alisema ni aina iitwayo asli, ngano iliyoenea kila mahali enzi hizo. Lamara alisema ni zanduri, ngano ya kwao milimani Lechkhumi, ambayo bibi yake mpaka leo anaivuna kwa kubana masuke kati ya vijiti viwili na kuyanyofoa, mabua yakabaki shambani. Ripoti ilikuwa inatoka jioni hiyo. Ingetoka na neno asli, jina la Lamara lingekaa chini ya kitu asichokiamini, na hilo hakuwa tayari kulimeza.

"Unaona zanduri kwa sababu umelelewa na zanduri," Mwalimu alimwambia. "Ungezaliwa pwani ungeona samaki."

"Na wewe, Mwalimu, unaona asli kwa sababu ndiyo uliyoizoea. Hebu nipe dakika chache tu."

Asubuhi ile Lamara alikuwa amefukia masuke mapya ya asli na ya zanduri ndani ya makopo ya mchanga, akayachoma polepole mpaka yakawa makaa kama yale ya shimoni. Punje hakuzijali. Punje ikiungua huvimba na kudanganya. Alichotaka ni kapi, kile kijipande chenye umbo la panda kinachoshikilia punje kwenye suke. Aliweka makapi kwenye visahani vitatu, asli, zanduri na ya shimoni, bila kuandika chochote juu, akamsogezea mzee hadubini.

"Viwili kati ya hivi ni ndugu. Nitolee mgeni."

"Unanipa mtihani, binti?"

"Nakupa kazi, Mwalimu. Hakuna jicho kama lako nchi hii."

Hakuwa anamkebehi, aliamini hivyo kweli. Mwalimu akainama, na hakuchukua muda. Akasukuma kisahani kimoja pembeni.

"Huyu mshipa wake umefifia. Hawa wawili wana mshipa mnene, umesimama wima tangu chini. Baba mmoja, mama mmoja. Hata mtoto angeona."

Lamara akavigeuza visahani, maana majina alikuwa ameyaandika chini. Kilichosukumwa pembeni kilikuwa asli. Wale ndugu wawili walikuwa zanduri na ngano ya shimoni.

Alikuwa ameingoja furaha hii wiki nzima, lakini alipouona uso wa mzee, alimwonea huruma. Mwalimu akatazama tena, safari hii kwa muda mrefu. Kisha akafuta neno asli kwenye ripoti, akaandika zanduri, akaenda kabatini. Alirudi amekumbatia masanduku ya ngano kutoka machimbo yake ya ujanani, yote yameandikwa asli kwa mkono wake mwenyewe.

"Vuta kiti, Lamara," alisema. "Nitatazama mimi, halafu utazame wewe. Na nikikosea, usinistahi."